Pesa za Tangi

Zamu yetu ya chama ilipofika
tulikuwa tumekubaliana, Awinja: tangi.
Jeusi, la lita elfu moja, likae pembeni mwa jiko.
Nikashuka Kisumu na noti zimefungwa kwa raba,
nikarudi jioni na boksi refu begani.
Majirani wakadhani ni mabomba ya tangi.
Sikuwasahihisha.

Kibuye, kati ya pasi za mkaa na baiskeli zisizo na viti,
nilikuwa nimeiona imelala: darubini.
Muuzaji hakujua ni ya nini.
"Ya kuona mbali," akasema,
"lakini si mbali ya hapa."

Ulipofungua boksi uliuliza swali moja tu:
"Hii inashika maji?"

Usiku ule nilisoma karatasi ya maelekezo kwa tochi ya simu.
*Elekeza mhimili kwenye Nyota ya Kaskazini.*
Nyota ya Kaskazini, kwetu hapa Maseno,
imelala chini kabisa kama mgonjwa,
nyuma ya mikaratusi ya Okwaro, nyuma ya choo chake.
Namba za kwenye chuma zilianzia ishirini.
Sisi tuko sifuri.
Mstari wenyewe unapita hapo barabarani, una kibao,
wageni hupigwa picha wakiupanua miguu,
lakini aliyechonga chombo kile
hakudhani kuna mtu anayelala sifuri na kuamka sifuri.
Nikailazimisha. Uzani ukagonga mguu wa stendi,
ko, ko, ko,
na Ondeyo akaenda kufungua mlango.

Fundi Amukoa, wa vitanda, ndiye aliyetuokoa.
Alitupa kile chuma, akapiga sanduku la mbao za msaiprasi,
na chini yake, ili lizunguke bila kukwaruza,
tukaweka santuri moja ya marehemu baba.

Kisha mvua.
Wiki tano. Juu hakuna nyota, chini hakuna tangi.
Maji yalishuka bati, yakapita mbele ya mlango wetu
yakienda zake ziwani bila hata kubisha.
Hukusema neno.
Ulipanga sufuria tano chini ya mchirizi
na kila moja ilipojaa
ulinitazama.

Kilimia kilizama kwa mvua, kikazuka kwa jua,
kama walivyotuambia waliokuwa wakipanda kwa kukitazama.
Mwezi wa sita, saa kumi za usiku, stima imepotea hadi Luanda,
niliwaamsha wote.
Ondeyo na blanketi. Kayesi na kiatu kimoja.
Wewe na leso mbili na uso wa mtu anayedai.

Ondeyo alitazama, akachungulia mdomo wa darubini,
akatazama tena.
"Umebandika stika."
Kayesi akasema ina masikio.
Nikasema ni Zohali.
Ukainama wewe. Ukakaa umeinama
hadi jogoo wa Okwaro akawika, akakosea, akanyamaza.

"Hata hiyo," ukasema, "ina pete."

Miaka kumi na mmoja tangu uje na sanduku moja la bati.
Mwaka huu karo, mwaka ule mazishi, mwaka mwingine paa.
Nilicheka. Hukucheka.

"Inatoroka," ukasema.
Si yenyewe, nikakueleza, ni sisi tunaozungushwa,
na hapa sifuri dunia inakimbia kuliko kwingine kote.
"Basi isukume."
Nikaisukuma kwa kidole, taratibu, juu ya santuri ya baba,
na kila ilipofika ukingoni ulisema "tena,"
nami nikaisukuma tena.
Hukutoa jicho.

Kulipokucha ulichukua madumu mawili.
Nikachukua mawili mengine.
Njiani kuelekea kisimani uliniuliza bei ya tangi imefika ngapi sasa,
na mimi, mjinga,
nikawa nakadiria bei ya pete.